Hofu ya Max imebisha mlango usio wake

Wakala wa tiketi wa Arusha siku hizi anaulizwa swali ambalo zamani liliwahusu wapenda ndege peke yao: ndege yenyewe ni aina gani? Jibu likiwa Boeing 737 Max, abiria anasita, anaomba atafutiwe siku nyingine, au apitie Doha badala ya Addis Ababa hata kama nauli imepanda. Swali hilo lilishika kasi Juni 2025, mwezi ambao habari mbili zilifuatana kwa karibu. Tarehe 3 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha ya yanayozuiwa kuruka katika anga lake. Tarehe 12 ndege ya Air India iliyokuwa ikitoka Ahmedabad kwenda London ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu 260, wakiwamo 19 waliokuwa ardhini, na kati ya waliokuwa ndani akatoka hai mmoja tu. Katika magrupu ya WhatsApp ya waongoza watalii, na ya wafanyabiashara wa Moshi wanaofuata mzigo Guangzhou, habari hizo mbili zilikutana na kumbukumbu ya tatu, ile ya Ethiopian Airlines ya 2019, ikazaliwa simulizi moja fupi: Boeing wametengeneza ndege mbovu, Air Tanzania wakainunua, Wazungu wakaipiga marufuku.

Kila kipande cha simulizi hiyo kina ukweli wake, lakini vikiunganishwa vinatoa jambo ambalo halikutokea. Iliyoanguka Ahmedabad haikuwa Max, ilikuwa 787-8, jamii ambayo sisi tunaiita Dreamliner. Orodha ya Ulaya haikutaja Boeing wala aina nyingine yoyote ya ndege. Na Max yenyewe, tangu iliporuhusiwa kurudi angani mwishoni mwa 2020, si ile iliyoua. Ninachotaka kusema ni kwamba hofu ya abiria wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ina haki kabisa ya kuwepo, ila imeelekezwa kwenye chuma wakati mwenye kesi ni mkaguzi. Max iliua watu 346 kwa sababu waliokabidhiwa kazi ya kuikagua waliiacha mikononi mwa wanaoiuza. Tanzania nayo imewekwa kwenye orodha kwa tuhuma za ukaguzi dhaifu. Abiria anayeikwepa Max kisha akapanda ndege nyingine yoyote bila swali hajajiongezea usalama wowote, na pengine amewapumzisha watu ambao hawakustahili kupumzishwa.

Turudi kwenye chanzo, maana wengi wanakumbuka maafa na kusahau yalivyotengenezwa. Boeing 737 ni ndege ya zamani. Ya kwanza iliruka 1967, nayo ilijengwa ikiwa na tumbo karibu na ardhi ili mizigo ipakiwe kwa urahisi katika viwanja visivyo na mitambo. Airbus walipotoa A320neo yenye injini zinazokula mafuta kidogo, Boeing hawakutaka kuanza ndege mpya kabisa. Wakaichukua 737 ileile wakaifunga injini mpya. Injini hizo zilikuwa pana, nafasi ya chini haikutosha, zikasogezwa mbele na kuinuliwa kuelekea usawa wa bawa. Matokeo yake, ndege ikinyanyua pua kupita kiasi katika mazingira fulani, ilielekea kuinyanyua zaidi. Dawa iliyobuniwa ni programu iitwayo MCAS, ambayo ingesukuma pua chini yenyewe bila rubani kugusa kitu. Wazo hilo peke yake halikuwa la ajabu. Ndege za kisasa zimejaa programu zinazomsaidia rubani. Ubaya ulianzia pale programu hiyo ilipopewa nguvu ya kuzungusha bawa dogo la mkiani, tena na tena, ikisikiliza kihisi kimoja tu, ingawa ndege ina viwili. Ukaongezeka pale jina la MCAS lilipoachwa nje ya mwongozo wa marubani.

Kwa nini liliachwa? Kwa sababu ya fedha, na hili halihitaji kubuniwa, limo kwenye nyaraka. Boeing waliwaahidi wanunuzi kwamba rubani wa 737 ya zamani angehamia Max bila kuingia kwenye simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga chumba cha rubani. Shirika la Southwest la Marekani liliahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo mafunzo ya simuleta yangelazimika. Programu mpya yenye nguvu kiasi kile, ikitajwa waziwazi mbele ya mamlaka, ingezua swali la mafunzo. Ikanyamaziwa. Ujumbe wa ndani wa Boeing uliowekwa hadharani Januari 2020 una mfanyakazi anayemwandikia mwenzake kwamba ndege hiyo imebuniwa na wachekeshaji wanaosimamiwa na nyani. Nimesoma mengi kuhusu sakata hili, na bado sentensi hiyo inanikera kuliko kurasa za ripoti, kwa sababu inaonyesha kwamba waliokuwa ndani walijua.

Tarehe 29 Oktoba 2018 Max 8 ya Lion Air ilitumbukia Bahari ya Java na watu 189. Baada ya hapo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilifanya hesabu yake ya ndani: bila marekebisho, ndege za aina hiyo zingeweza kupata ajali mbaya 15 katika uhai wake wote. Hesabu ikafanyika, na ndege zikaachwa ziendelee kuruka huku programu ikisubiriwa kurekebishwa. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, tarehe 10 Machi 2019, Max 8 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa. Walikufa wote 157. Wakenya walikuwa 32, kundi kubwa kuliko la taifa lingine lolote, na wengine kadhaa walikuwa njiani kwenda kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa. Ile haikuwa ajali ya mbali kwetu. Ni safari ambayo mtu wa Moshi anaweza kuikata wakati wowote, kwenda au kurudi.

Wapo waliotaka lawama iwe ya marubani. Katika Bunge la Marekani, Mei 2019, mbunge mmoja alisema marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu hali ile. Hoja hiyo haikufa: ripoti ya mwisho ya Ethiopia ilipotoka Desemba 2022 ikiitupia MCAS mzigo, wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walikubali kwamba programu ndiyo chanzo, wakalalamika kwamba namna marubani walivyoikabili haikuchambuliwa vya kutosha. Kitaalamu wana hoja. Ajali huwa na sababu zaidi ya moja, na mchunguzi anayeacha moja nje amefanya kazi nusu. Lakini kumlaumu mtu kwa kushindwa kupambana, ndani ya dakika chache, na kitu ambacho mtengenezaji alichagua kutokumweleza vizuri ni jambo jingine. Yule mbunge hakuwa anatafuta sababu. Alikuwa anatafuta mtu wa mbali wa kubeba aibu ya ofisi zilizo karibu naye.

Na ofisi ndizo nataka zibaki akilini. Kwa utaratibu wa Marekani, sehemu kubwa ya kazi ya kuthibitisha ndege hukabidhiwa wafanyakazi wa kampuni ileile inayoitengeneza, wakisaini kwa niaba ya FAA. Utaratibu huo una mantiki yake: serikali haiwezi kuajiri wataalamu wa kila skrubu. Ila unafanya kazi pale tu anayekabidhi anapobaki na watu wa kutosha na ujasiri wa kutosha kumhoji aliyekabidhiwa. Kwa Max havikutosha. Nchi nyingine duniani, Ulaya ikiwamo, zilipokea neno la FAA na kuongeza mihuri yao. Kwa maneno mengine, chombo kilichoheshimika kuliko vyote duniani katika kazi hiyo kiliteleza, na waliokifuata wakateleza pamoja nacho.

Kilichofuata ni ukaguzi mkali kuliko ambao ndege nyingi za abiria zimewahi kupitia. Max zilikaa chini miezi 20 nchini Marekani. MCAS ikaandikwa upya: sasa inasikiliza vihisi vyote viwili na kukaa kimya vikitofautiana, inasukuma mara moja tu, na haiwezi kumzidi nguvu rubani anayevuta usukani. Mafunzo ya simuleta yakawa ya lazima. Ethiopian wenyewe, waliopoteza watu wao, hawakurudisha Max hewani hadi Februari 2022. Tangu ziruhusiwe tena zimeruka mamilioni ya safari duniani. Nikisikia mtu anaiogopa Max ya leo kwa sababu ya MCAS, namwona anaogopa ugonjwa uliokwisha kutibiwa.

Hata hivyo, upande wa wenye hofu una hoja ambayo haifutwi na maelezo hayo. Tarehe 5 Januari 2024 Max 9 ya Alaska Airlines, ikiwa mita karibu 4,500 juu ya Oregon, ilipasuka ubavuni. Kipande kinachoziba nafasi ya mlango usiotumika kilichomoka na kuacha tundu ambalo abiria waliliangalia wakiwa wamefunga mikanda. Hakufa mtu. Wachunguzi walikuta bolti nne zilizotakiwa kukishika hazikurudishwa kiwandani baada ya kufunguliwa kwa matengenezo, na hakukuwa na kumbukumbu ya kazi hiyo. Hapo hapakuwa na programu ya kulaumu, wala rubani wa Kiafrika. Palikuwa na kiwanda chenye haraka. Air Tanzania ilikuwa imepokea Max 9 yake ya kwanza Oktoba 2023, miezi mitatu kabla. Mtu anayesema haiamini Boeing baada ya tukio hilo hana ujinga wowote. Anachokosea ni kudhani kwamba kutokuiamini Boeing kunaishia kwenye Max. Kiwanda kinachosahau bolti kinajenga na ndege za majina mengine. Na abiria wengi hata hawazitofautishi: Jeju Air iliyoua watu 179 Korea Kusini Desemba 2024 ilikuwa 737-800 ya kizazi kilichotangulia Max, nayo iliteleza kwa tumbo hadi ikagonga tuta lenye zege mwishoni mwa njia. Swali gumu lililobaki pale linamhusu aliyeruhusu zege kuwekwa mahali pale, kuliko jina la ndege.

Sasa tuje nyumbani. Air Tanzania iliingia kwenye orodha ya Ulaya Desemba 2024, baada ya kuomba kibali cha kuruka huko na kukikosa. Juni 2025 orodha ikapanuliwa na kuyafunika mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Sababu zilizotolewa ziliihusu mamlaka inayosimamia usafiri wa anga Tanzania, TCAA: uhaba mkubwa wa wataalamu wenye sifa, usimamizi usiofanya kazi ipasavyo katika uendeshaji wa safari na katika ubora wa ndege zenyewe, na kutofuata viwango vya kimataifa. Tazama nani aliangukiwa na uamuzi huo hapa Arusha. Ni kampuni za Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, zinazopeleka watalii Seronera na Kogatende huko Serengeti kwa Cessna Caravan, ndege za injini moja zisizokwenda hata Addis Ababa, achilia mbali Ulaya. Baadhi yao hawajawahi kumiliki Boeing na hawatamiliki. Kama tatizo lingekuwa Max, hawa wangekuwa wanafanya nini kwenye orodha?

Athari yake haitokani na katazo lenyewe, kwa kuwa safari za ndani ya Tanzania haziko chini ya Ulaya, na KLM wanaendelea kutua KIA kama kawaida. Inatokana na sheria ya Ulaya ya 2005 inayomtaka anayeuza safari amjulishe mteja shirika litakalombeba, na kumpa haki ya kurudishiwa fedha au kupangiwa njia nyingine shirika hilo likiwa limeorodheshwa. Kampuni ya Ujerumani inayouza kifurushi cha Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar haina sababu ya kubishana na mwanasheria wake. Inaona wepesi wa kukiondoa kipande cha ndege na kumweka mteja kwenye Land Cruiser, au kubadilisha nchi kabisa. Rafiki yangu mwenye ofisi ya utalii jirani na Barabara ya Sokoine alinisomea barua pepe ya mteja aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba hatapanda Max. Safari yake yote ya ndani ilikuwa ya Caravan. Tulicheka, lakini mteja yule alikuwa ameelewa jambo moja kwa usahihi: kuna mtu mahali fulani hakufanya kazi yake. Alikuwa hajui tu ni nani.

Jibu linalosikika zaidi mitaani kwetu ni kwamba Wazungu wanatuonea. Ni jibu tamu, na ndilo dhaifu kuliko yote. Siku Tanzania ilipoorodheshwa, Suriname iliorodheshwa nayo, na sijui Suriname imewaudhi Wazungu kwa lipi. Indonesia, nchi ya watu zaidi ya milioni 200 na soko kubwa la Boeing na Airbus wenyewe, iliingia 2007 na haikutoka yote hadi 2018. Zambia ilitoka 2016. Waliotoka hawakutoka kwa hotuba. Walitoka kwa kuajiri wakaguzi, kuandika upya taratibu na kuonyesha kumbukumbu. Kuna chembe ya ukweli ndani ya lalamiko hilo, nami siifichi: Max ilipoanguka mara mbili kwa uzembe wa usimamizi wa Marekani, hakuna aliyeiweka Marekani kwenye orodha yoyote. Mwafrika ana haki ya kuliona hilo na kulisema. Ila lalamiko hilo, hata likiwa la haki kiasi gani, haliongezi mkaguzi hata mmoja pale TCAA, na aliyeko ndani ya Caravan juu ya miinuko ya Ngorongoro anamhitaji mkaguzi kuliko anavyohitaji haki ya kihistoria.

Jibu la pili linatoka kwa watu wa takwimu: mbona barabarani mnakufa zaidi? Juni ileile ya Ahmedabad, tarehe 28, basi na Coaster viligongana Sabasaba wilayani Same na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Hakuna aliyeuliza basi lile lilikuwa la kampuni gani ya Kijapani au Kichina. Kwa hesabu tupu hoja hii haipingiki. Mtu anayetoka Moshi mjini hadi KIA kwa gari amemaliza sehemu kubwa ya hatari ya safari yake kabla ya kukaguliwa mkanda na viatu. Lakini inatumika vibaya. Uchache wa ajali za ndege haukuumbwa pamoja na ndege. Umetengenezwa na miongo ya watu wanaozuia ndege isiruke kwa sababu karatasi moja haijasainiwa. Kumnyamazisha abiria kwa takwimu hizo ni kumwambia asihoji kitu ambacho kilipatikana kwa kuhojiwa. Na wa tatu, anayesema siku yako ikifika imefika, namheshimu kwa imani yake na sina la kumjibu, isipokuwa kwamba hata yeye hufunga mkanda.

Historia yetu wenyewe ya karibu inaonyesha jinsi aina ya ndege inavyoeleza machache. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyotakiwa kutua KIA ilitua Kisongo, kwenye njia isiyofika nusu ya urefu wa mita 3,600 za KIA, ikaishia kwenye nyasi. Wakazi wa Kisongo waliojaa pembeni mwa uzio waliona ndege nzima isiyo na hitilafu ikiwa mahali pasipo pake. Novemba 2017 Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka kwenye miinuko ya kreta ya Empakaai, wakafa wote 11. Caravan ni miongoni mwa ndege ndogo zinazoaminiwa zaidi duniani, na siku zilizofuata iliendelea kujaza abiria Kisongo bila mtu kunung'unika. Novemba 2022 ATR ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 walikufa 19, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Nani kati yetu aliapa kutopanda tena panga-boi? Katika matukio yote matatu, yanayofaa kujulikana ni ya njia, hali ya hewa, mawasiliano, vifaa vya uwanja, mafunzo na uokoaji. Hayo hayaandikwi ubavuni mwa ndege.

Hofu ya aina ya ndege ina kasoro nyingine ya vitendo: haitekelezeki. Ukitazama vizuri tiketi yako unaweza kuona alama 7M8 kwa Max 8 au 7M9 kwa Max 9, na 738 kwa ile ya kizazi cha nyuma. Lakini masharti ya tiketi humruhusu mwenye shirika kubadilisha ndege hata asubuhi ya safari. Uliyemkwepa Jumatatu utamkuta getini Jumatano. Kilicho mikononi mwako kidogo zaidi ni kuchagua shirika, na hapo kuna mambo ya kuuliza yenye maana: limepita ukaguzi wa hiari wa usalama uitwao IOSA, unaosimamiwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani? Mamlaka ya nchi yake inasemwaje na wakaguzi wa nje? Mimi, kama mtu akitaka kujua, napanda Max ya Ethiopian kuja KIA bila kusita, na nachelewa kupanda ndege yoyote nzuri ya kampuni inayokasirika ikiulizwa maswali hayo.

Ila abiria mmoja mmoja hawezi kuubeba mzigo huu, na hapa ndipo mazungumzo yetu yamekwepa sehemu yenyewe. Hebu tutazame muundo. Ndege za Air Tanzania ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, unaozikodisha kwa ATCL, kampuni ya serikali inayoendesha Air Tanzania. Anayeikagua ATCL ni TCAA, chombo cha serikali. Ajali ikitokea, anayechunguza ni kitengo kilicho wizarani. Mwenye mali, mwendeshaji, mkaguzi na mchunguzi wote wana mwajiri mmoja. Sisemi kwamba kuna mtu ameagizwa kufumba macho. Sina ushahidi huo na siutafuti. Nasema muundo huo unamweka mkaguzi mahali pagumu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinaonyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Mkaguzi anayeandika kwamba ndege fulani isiruke kesho anaongeza hasara ya mwajiri wake mwenyewe. FAA haikuwa hata inamiliki Boeing, na bado ukaribu wao ulizaa tulichokiona Bishoftu.

Haki lazima itendeke pia: ATCL iliegesha baadhi ya Airbus zake za A220 kwa muda mrefu kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, matatizo yaliyoyasumbua mashirika ya nchi nyingi. Tuliwacheka kwa ndege kulala chini, magazeti yakaandika aibu. Sioni aibu hapo. Ndege iliyoegeshwa kwa sababu injini haiaminiki ni mfumo unaofanya kazi, na kelele zetu za kutaka zirushwe haraka kwa sababu zimenunuliwa kwa kodi zilikuwa shinikizo lilelile ambalo Boeing walijiwekea wenyewe. Tulikuwa tunasukuma upande mbaya bila kujua.

Kinachohitajika kinajulikana na hakina siri. Mkaguzi wa ndege ni rubani au fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi, mtu ambaye shirika lolote linaweza kumlipa zaidi ya mshahara wa serikali. Asipolipwa karibu na soko ataondoka, na ofisi itabaki na wanaosoma fomu bila kuijua ndege. TCAA inapaswa kuweka hadharani mapungufu yaliyoonwa na Ulaya, moja baada ya jingine, pamoja na tarehe ya kuyafunga, ili wakala wa Arusha awe na kitu cha kumtumia mteja wake zaidi ya taarifa kwa vyombo vya habari inayosema anga letu ni salama. Uchunguzi wa ajali utoke wizarani na uwe na bodi yake. Utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unataka ripoti ya mwisho itoke ndani ya miezi 12 inapowezekana, na isipowezekana, itolewe taarifa ya maendeleo kila ajali inapotimiza mwaka. Familia za Bukoba zina haki nayo kama za Bishoftu. Na TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao yake hapahapa Arusha, kina sauti ambayo abiria wa kawaida hana. Kikitumia sauti hiyo kuomba balozi zitoe neno la kututetea, kitapata neno. Kikiitumia kudai bajeti ya wakaguzi, kinaweza kupata wakaguzi.

Muda nao haupo mwingi. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON, na Arusha ni miongoni mwa miji inayojengewa uwanja. Mashabiki wa Dakar, Casablanca na Cairo watatua KIA kwa ndege za kila aina, Max zikiwamo, kisha wengi watataka kusogea Dar es Salaam au Zanzibar kwa ndege zetu. Timu, wadhamini na kampuni za bima zitakazopanga safari hizo hazitauliza kama ni Max 8 au Max 9. Zitafungua orodha ya Ulaya na kuangalia kama Tanzania bado imo.